Bomba la shilingi mia mbili

Miaka minne niliuza kwenye duka la dawa muhimu Mwanjelwa. Tulikuwa tunafunga saa nne usiku, na mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya mnaijua wenyewe: nahesabu mauzo vidole vimekufa ganzi, nje wamebaki bajaji wawili na mama wa chipsi.

Hapo ndipo anapotokea Utingo. Jina lake halisi sikuwahi kulijua. Aliwahi kuwa utingo wa malori ya Tunduma, akashuka Dar, akarudi ameshakuwa teja.

"Ugonile, dada. Nipatie bomba moja la sindano."

"La nini?"

"La bibi. Ana sukari."

Bibi hakuwepo, tulijua wote wawili. Makamasi yanamtiririka, amejikunyata, anapiga miayo mfululizo. Arosto, yale mateso ya teja aliyekosa heroini, usiku wa Julai Mbeya simwombei hata adui.

Namjibu yameisha. Boksi la mabomba mia moja liko nyuma ya mgongo wangu, na yeye analiona. Bomba lilikuwa mia mbili. Tajiri wangu alishanionya kwamba nikiwauzia mateja duka litageuka kijiwe, lakini nisimsingizie, hata mwenyewe nilikuwa nimeridhika. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: asipopata bomba hatajidunga, atakwenda kulala. Nikifunga duka najiona nimeokoa mtu.

Mwaka 2018 nilimpeleka shangazi Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Natoka kumtafutia chai, nasikia "dada wa yameisha!" Utingo, amenenepa, kavaa sweta safi. Alikuwa ametoka kunywa dozi yake ya methadoni. Huduma hiyo ilikuwa imeanza hapo Mbeya mwaka uliotangulia. Ni dawa ya maji wanayopewa mateja badala ya heroini, na wakati ule alikuwa anainywa mbele ya muuguzi kila siku, Jumapili na sikukuu humohumo. Arosto inakaa mbali, na kwa kuwa inapita mdomoni, habari ya sindano haipo.

Tulikaa ukutani na maandazi. Hakunilaumu, na nadhani hilo ndilo lililoniuma. Alinisimulia tu, kama mtu anayesimulia safari, walivyokuwa wanafanya usiku nikimnyima. Walikuwa na bomba moja wamelificha kwenye ufa wa ukuta, la watu wanne. Ncha ikiwa butu wanainoa kwenye ubavu wa kiberiti. Aliyenunua kete ya unga, yaani heroini, ndiye anaanza. "Mimi nilikuwa sina hela, kwa hiyo wa mwisho."

Ukimsikiliza anavyoeleza, huhitaji darasa. Anayejidunga huvuta damu kidogo irudi ndani ya bomba ahakikishe amepata mshipa, ndipo anasukuma. Damu ile haitoki yote. Inabaki shingoni mwa bomba, pale sindano inapounganika, na anayefuata anaisukumia mwilini mwake. Tena siyo sindano peke yake: kijiko cha kuyeyushia unga ni kimoja, pamba ya kuchujia ni moja, maji ya kusuuzia yako kwenye kikopo kimoja hadi yanageuka rangi ya waridi. Kirusi cha homa ya ini C kinaweza kubaki hai ndani ya bomba kwa wiki kadhaa. Na VVU, ambavyo wengi tunadhani vinakufa vikipigwa na hewa tu, watafiti waliwahi kuhifadhi mabomba yenye damu kwenye ubaridi wa friji, na baada ya siku 42 nusu ya mabomba hayo yalikuwa bado na kirusi hai. Kwenye joto kali vilikufa mapema zaidi. Niliposoma hilo niliufikiria ule ufa wa ukuta, Julai.

Dar aliona makubwa zaidi. Mtu ana arosto, hana hela, basi mwenzake aliyetoka kujidunga anavuta damu yake mwenyewe na kumpa ajidunge, kwa imani kwamba humo kuna unga. Unga wa maana haumo. Virusi ndivyo vimo. Watafiti waliliandika jambo hilo tangu 2005. Na walipopima watu wanaojidunga Temeke, mwaka 2011, takriban asilimia 35 walikuwa na VVU na 28 walikuwa na dalili za homa ya ini C kwenye damu. Kwa wanawake VVU vilizidi nusu.

Utingo ana vyote viwili. Za VVU anameza kila siku. Ya ini C ina vidonge vya kama wiki kumi na mbili ambavyo huwaponya karibu wote wanaovimaliza. Yeye wakati ule alikuwa bado anavisubiri. Wale watatu wa ukutani, mmoja amekufa. Sikuuliza kwa nini.

Siwezi kusema aliambukizwa usiku gani, na hata yeye hajui. Huenda alirudi nayo kutoka Dar. Nimejiliwaza kwa hilo mara nyingi, na halijawahi kunitosha.

Sasa nina duka langu Ilomba. Wiki iliyopita, karibu na kufunga, kaja kijana nisiyemjua, kofia imeshuka hadi machoni. Anataka bomba, bibi yake ana sukari.

"Mko wangapi?"

Akanyamaza kidogo. "Watatu."

Alikuwa na mia mbili tu. Nikahesabu matatu.