Siku Tisa za Theluji Mjini Chicago

Nilipowaambia wenzangu kazini hapa Mbeya kwamba likizo ya mwisho wa mwaka ningeitumia Chicago, karibu kila mmoja aliniuliza kwa nini nisingoje mwezi wa saba, wakati huko kunapokuwa na joto. Hata mdogo wangu wa kiume, anayeishi katika mji huo na familia yake, alinitahadharisha kwa simu zaidi ya mara moja. Lakini mimi nilitaka hasa kuiona baridi. Nimekulia Tukuyu, ambako mvua hunyesha hadi mtu akatamani kuliona jua, na nimewahi kulala Makete mwezi wa Juni nikaamka na kukuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Nilitaka kujua jinsi mji wenye watu zaidi ya milioni mbili na nusu unavyoishi na baridi inayozidi hiyo maradufu, tena kwa miezi kadhaa mfululizo.

Koti nilinunua kwenye mitumba ya Mwanjelwa, zito, lenye manyoya ya bata ndani, na lilinifaa kuliko nilivyotarajia. Viatu ndivyo vilivyonishinda siku ya kwanza. Njia za waenda kwa miguu kule hunyunyiziwa chumvi ili theluji iyeyuke, na kwa kuwa maji ya chumvi hayagandi upesi, pembezoni mwa barabara hujaa tope la kijivu ambalo ni baridi kuliko sifuri na bado ni majimaji. Tope hilo likishaingia kwenye soksi, safari ya siku hiyo imekwisha. Wifi yangu, ambaye ni mzaliwa wa huko, alinipeleka dukani jioni ile ile kununua viatu vya mpira vyenye sufu ndani, na ningemshauri yeyote anayekwenda aanze na viatu kabla ya koti.

Kutoka uwanja wa ndege wa O'Hare tulipanda treni hadi mjini. Treni za Chicago zilianza kupita juu ya barabara mwaka 1892, na reli ya mzunguko wa katikati ya mji, iliyojengwa juu ya nguzo za chuma, ilikamilika mwaka 1897. Vituo vingi viko wazi, na upepo kutoka ziwani hupita humo bila kizuizi. Ndipo nilipoona jambo la kwanza lililonifurahisha. Mtoto wa mdogo wangu, mwenye umri wa miaka minane, alinishika mkono na kuniambia, "Shangazi, njoo hapa," akabonyeza kitufe ukutani, na taa nyekundu zilizokuwa juu yetu zikawaka na kutumwagia joto kichwani na mabegani. Watu wasiojuana walisogea wakasimama nasi kwenye duara dogo la joto hadi treni ilipofika. Nilikumbuka alfajiri za Juni pale stendi ya Nanenane, abiria wakiwa wamejifunika vitenge na mablanketi, kila mtu peke yake na baridi yake. Taa nne na kitufe kimoja si vitu vikubwa, lakini kuna mtu aliyekaa akamfikiria abiria anayesubiri.

Siku ya pili ilikuwa ya majengo. Mnamo Oktoba 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji kwa siku mbili, ukaua watu wapatao 300 na kuwaacha wengine wapatao 100,000 bila makazi. Mnara wa maji wa mawe meupe uliojengwa mwaka 1869 ulinusurika, na hadi leo umesimama kwenye barabara ya Michigan, ukionekana mdogo mno kati ya maghorofa. Sehemu iliyoungua ilipoanza kujengwa upya na ardhi ya katikati ya mji ikapanda bei, wahandisi walianza kujenga kwenda juu. Jengo la ghorofa kumi lililokamilika mwaka 1885 ndilo ambalo mara nyingi huhesabiwa kuwa ghorofa refu la kwanza kubebwa na fremu ya chuma, ingawa lenyewe lilibomolewa mwaka 1931.

Mimi nilipanda Willis Tower, lenye ghorofa 110 na urefu wa mita 442, ambalo kwa takribani robo karne lilikuwa jengo refu kuliko yote duniani. Mhandisi wake, Fazlur Rahman Khan, alitoka Dhaka, Bangladesh ya leo, na wazo lake mtu wa kijijini analielewa mara moja: bua moja huinamishwa na upepo, lakini mabua tisa yakifungwa pamoja husimama. Jengo lile ni mabomba tisa ya mraba yaliyoshikamana, mengine yakiishia ghorofa ya 50, mengine ya 66, mengine ya 90, na mawili tu yakifika kileleni. Kwenye ghorofa ya 103 kuna visanduku vya kioo vilivyotokezwa nje ya ukuta, na mtu akisimama humo huwa na mita 412 za hewa chini ya nyayo zake. Nilisimama. Magoti yalitetemeka, lakini nilitazama chini hadi niliporidhika, kwa kuwa wakati wa baridi hewa ilikuwa kavu na safi, na ziwa lilionekana hadi lilipokutana na mbingu.

Ziwa hilo, Michigan, lina ukubwa unaokaribia mara mbili ya Ziwa Nyasa. Nilikwenda ufukweni asubuhi moja ambapo kipimajoto kilionyesha nyuzi 15 chini ya sifuri. Maji yalikuwa na joto kuliko hewa, kwa hiyo ziwa zima lilikuwa likitoa mvuke mweupe uliopanda na kusukumwa na upepo, kama sufuria kubwa iliyo karibu kuchemka. Mawimbi yaliyokuwa yakirukia ukingo wa saruji yaliganda juu ya vyuma na ngazi, tabaka juu ya tabaka, mpaka kila kitu kikawa kinene na cha mviringo. Simu yangu ilizimika baada ya picha tatu kwa sababu ya baridi. Nilibaki nikitazama kwa macho tu, na sijutii. Nimesimama Matema mara nyingi nikaona ukungu wa asubuhi juu ya Nyasa, na sikudhani ningeona ukungu unaotisha na kupendeza kwa wakati mmoja.

Mto wa Chicago nao una kisa chake. Zamani ulitiririka kuingia ziwani, ukipeleka uchafu wote wa mji kwenye maji yale yale ambayo wakazi waliyanywa. Mwaka 1900 mfereji mkubwa ulifunguliwa, mkondo ukageuzwa, na tangu hapo mto umeligeuzia ziwa mgongo. Karibu na mlango wake, upande wa kaskazini, aliishi Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi ambaye leo anatambuliwa kuwa mkazi wa kwanza wa kudumu asiyekuwa mwenyeji wa asili mahali hapo, na barabara kuu ya kando ya ziwa iliongezewa jina lake mwaka 2021. Nilivuka daraja lenye jina lake mara kadhaa, vipande vya barafu vikigongana chini yangu kama sahani.

Sanamu ya chuma kinachong'aa mithili ya kioo, ambayo kila mtalii hupigia picha, nami niliipigia; ilikuwa imefunikwa theluji nusu, na watu walikuwa wengi mno. Kilichonivutia zaidi kilikuwa jirani tu, kiwanja cha barafu ambapo wazee, vijana na watoto waliteleza pamoja kwa viatu vyenye chuma chini. Kilichowatoa watu nyumbani jioni ile ni baridi yenyewe.

Jumba la makumbusho la Field nililitengea siku nzima, na halikunitosha. Watu wengi hukimbilia mifupa ya mjusi mkubwa wa kale anayeitwa Sue, aliyegunduliwa Dakota Kusini mwaka 1990 na kununuliwa kwa dola zaidi ya milioni nane. Mimi nilikaa muda mrefu mbele ya simba wawili wa Tsavo, waliowashambulia wajenzi wa reli nchini Kenya mwaka 1898. Aliyewaua, John Henry Patterson, aliishi na ngozi zao zikiwa mazulia kwa miaka mingi kabla ya kuliuzia jumba hilo mwaka 1925 kwa dola 5,000, na kwa kuwa mazulia hukatwa pembeni, simba wanaoonekana leo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Hawana manyoya shingoni. Nilipokuwa mdogo, bibi alituhadithia kuhusu simba wa Njombe, waliowatesa watu wa nyanda zetu katika miaka ya 1930 na 1940, hadi ofisa wa wanyamapori George Rushby na askari wake walipowamaliza. Wazee waliamini kwamba simba hao walitumwa na wachawi. Simba wa Tsavo wanatazamwa na watu wa dunia nzima, na kisa chao kimeandikwa ukutani. Wa Njombe wamebaki katika masimulizi ya wazee wanaopungua kila mwaka. Jambo hilo liliniuma pale pale niliposimama, na bado linaniuma.

Kuna jambo jingine la kwetu katika jumba hilo. Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza kwamba kwenye misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone, na pia Ndundulu huko Udzungwa, anaishi kima ambaye sayansi haikuwa ikimjua, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tayari: kipunji. Baadaye dume mmoja mchanga alipatikana amekufa kwenye mtego shambani kwa mkulima. Alipochunguzwa ilibainika kwamba yuko karibu zaidi na nyani, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima hai wa Afrika kutangazwa baada ya miaka 83. Kielelezo hicho kinatunzwa katika jumba la Field. Sikumwona, kwa kuwa vielelezo vya aina hiyo huwekwa kwenye maghala ya watafiti, lakini nilizunguka jumba lile nikijua kwamba nyuma ya mlango mmojawapo amelala mtoto wa msitu wa nyumbani, na jina la mlima ninaouona kutoka kwa mama yangu limeandikwa kwenye kadi yake.

Siku ya saba baridi ilizidi, na wifi akasema twende mahali penye joto. Alinipeleka kwenye kitalu nyumba cha Garfield Park, kilichofunguliwa mwaka 1908. Mbunifu wake, Jens Jensen, mzaliwa wa Denmark, aliyapa mapaa yake ya vioo umbo la marundo ya nyasi kavu ya mashambani. Nje theluji ilifika kwenye vifundo vya miguu. Ndani miwani yangu iliingia ukungu mara moja, na harufu niliyoisikia kabla ya kuona chochote ilikuwa ya udongo uliolowa mvua, yaani harufu ya Tukuyu. Nilipofuta miwani nikaona migomba. Ilikuwa migomba halisi, yenye majani yaliyopasuka pembeni, na karibu yake miwa, mipapai na mkakao. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi bila makoti, wengine wamefumba macho. Nilishika jani la mgomba, nikampigia mama simu ya video. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akauliza ni nani anayeipalilia. Nilipomweleza kwamba mji huilinda migomba hiyo kwa vioo na moto miezi yote ya baridi ili watu waje kuitazama tu, alinyamaza kidogo, akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo kwao," yaani asante sana kwao.

Jioni ile tulikula piza nene ya mji huo, nzito kama mkate wa nyama, na kipande kimoja kilinitosha. Jua lilikuwa limezama tangu saa kumi na nusu. Mezani nilianza kuwaeleza juu ya Kitulo, uwanda ulio mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambao watu wetu huuita Bustani ya Mungu na ambao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Wageni huja wakati wa mvua kwa ajili ya maua. Katika kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, hawaji, na sisi wenyewe huwaambia wasije kwa sababu ya baridi. Niliposema hivyo nilijisikia vibaya, kwa maana nilikuwa nimevuka bahari na kutumia akiba ya miaka mitatu ili kuitazama baridi ya wengine.

"Wifi, kwenu kuna barafu kweli?" aliniuliza.

Nikamwambia ipo, nyembamba, juu ya nyasi, na mtu akitaka kuiona lazima awe amefika uwandani kabla ya saa moja asubuhi, kwa kuwa ikifika saa tatu jua limeshaimaliza. Mtoto akauliza kama shangazi ana taa za joto. Nilimjibu kwamba tuna jiko la mkaa, chai ya Rungwe, na viazi vya Makete vya kuchoma. Wamesema watakuja Juni, na wiki iliyopita nimeanza kuulizia gari la kutupeleka Matamba, karibu na Kitulo.