Siku moja ya tabibu wa taya mjini Kampala

Saa 12:30 asubuhi nilikuwa nimekwisha kupanda teksi ya Kawempe kuelekea mjini, na kabla ya saa 2 nilikuwa nimefungua chumba, nimetandika shuka safi na kuweka tayari glavu pamoja na rula yangu ndogo. Wanaosikia kwamba mimi ni tabibu wa kiropraktiki, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mikono, hudhani kazi yangu ni kualisha (kuliza kwa kusukuma) mifupa ya mgongo. Ni kweli kwamba taaluma hii, iliyoanzishwa na D. D. Palmer mjini Davenport, Marekani, mwaka 1895, ilijengwa juu ya uti wa mgongo, na wagonjwa wangu wa asubuhi walikuwa wa kiuno na shingo. Baada yao walianza kuja wa taya.

Saa 5 aliingia mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa ametiwa dawa ya matone sikioni kwa muda mrefu, ilhali sikio lenyewe ni zima. Kiungo cha taya kiko mbele kabisa ya tundu la sikio, kwa hiyo maumivu yake huwapoteza wengi. Nilimwonyesha mazoezi na kumweleza kwamba taya linalolia bila kuuma halihitaji tiba.

Saa 6 akaja Hajji, mfanyabiashara wa Kisenyi, na saa zangu zikavurugika. Alikuwa amekwisha kung'olewa magego mawili kwingine bila kupata nafuu, na hakutaka kuketi.

"Daktari, lialishe mara moja tu, nirudi dukani."

"Hajji, taya halialishwi hivyo. Naomba uketi kwanza nilipime."

Alifungua kinywa milimita 28 tu, wakati mtu mzima kwa kawaida hufikisha 40 au zaidi. Akasema rula si dawa. Akapokea simu mbili huku kidole changu kikiwa bado shavuni mwake, akauliza mara kwa mara kwa nini alipe mtu anayemgusa polepole namna ile. Nilivumilia, kwa sababu aliyeumwa na kutolewa meno bure ana haki ya kutomwamini anayemfuata. Kisha nikavaa glavu, nikaubana msuli wa kutafuna kati ya kidole gumba ndani ya shavu na kidole kingine nje. Ulikuwa mgumu kama kamba iliyokazwa. Nilipoukandamiza sehemu moja karibu na pembe ya taya, Hajji aliruka, akaonyesha pengo la magego yaliyong'olewa: "Hapo hapo! Ndiyo yale maumivu!"

Msuli huo hupeleka maumivu kwenye magego, na ndiyo maana jino lisilo na ugonjwa huweza kushtakiwa. Nilipomuuliza kuhusu jioni zake, alikiri kwamba hutafuna mairungi (miraa) hadi usiku wa manane, na mkewe humsikia akisaga meno usingizini. Nilimkanda polepole, akafikisha milimita 33. Nikamwagiza aweke kitambaa cha moto shavuni, ale vyakula laini, aache mairungi, na afungue kinywa huku ncha ya ulimi ikigusa kaakaa.

"Mimi nile uji kama mtoto?"

"Matoke yaliyopondwa pia yanafaa, Hajji."

Aliondoka akinung'unika, lakini aliomba siku ya kurudi. Uchovu wa kazi hii uko katika kushawishi kuliko katika mikono: kumweleza mtu anayetaka muujiza kwamba wengi hupona kwa subira, na kwamba ushahidi wa kunyoosha shingo ili kutibu taya bado ni mdogo, hata kama kauli hiyo inanipunguzia wateja.

Sikumbuki nilikula lini. Jua lilikuwa limeanza kushuka ndugu wawili walipoingia, mdogo akiwa dereva wa bodaboda aliyeanguka juzi yake. Meno yake hayakukutana tena na mdomo wa chini ulikuwa na ganzi. Sikuligusa taya hilo. Dalili hizo huashiria mfupa uliovunjika, na kulisukuma kungemdhuru. Kaka yake alikasirika: wametoka mbali, na mimi nawapa karatasi tu? Niliandika barua ya kwenda hospitali ya Mulago, nikamsomea kila mstari, sikuwatoza chochote, nikawatafutia gari, kwa kuwa sikutaka mgonjwa huyo apande pikipiki tena. Saa 2 usiku kaka mtu alinipigia: wamepokelewa, na picha ya taya imeagizwa.