Vivuli vya Majabali ya Igombe

Juma hili nimekuwa nikichora majabali ya graniti yaliyo upande wa Igombe, kando ya Ziwa Viktoria mkoani Mwanza, na kadiri ninavyoyachora ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mwanga wa jioni hupatikana kwa kuvichora vivuli vizuri. Picha nyingi za machweo zinazouzwa mjini hupakwa rangi ya machungwa kuanzia angani hadi majini, na kwa maoni yangu huchosha macho. Shambani rangi hiyo huonekana mahali pachache: kwenye kingo za majabali, migongoni mwa ng'ombe wanaorudi zizini, na juu ya paa moja la bati jipya.

Jua likiwa chini, nuru yake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, hivyo buluu hutawanyika njiani na kinachofika ni manjano na wekundu. Lakini pale jua lisipofika humulikwa na anga, ambayo bado ni ya buluu. Ndiyo maana ubavu wa jabali ulionielekea, ambao mchana ni wa kijivu tu, jioni hukaribia zambarau, isipokuwa chini kabisa, ambako udongo unaopigwa na jua huurudishia wekundu kidogo. Rangi ya ubavu huo naipata kwa kuchanganya buluu nzito ya altramarini na kahawia-nyekundu ya siena iliyochomwa, bila tone la nyeusi. Wanyama wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hawakuhitaji kivuli ili wapendeze. Jabali la Usukuma lisipokuwa nacho hukosa uzito.

Agosti hii jua linazama kukaribia saa 1 usiku, tena huku karibu na ikweta hushuka karibu wima, kwa hiyo mwanga ninaoutaka haukai. Claude Monet, alipochora mirundo ya nafaka kule Ufaransa mwaka 1890 na 1891, alibadilisha kanvasi kila mwanga ulipobadilika. Mimi huviweka vivuli vyote mapema, kisha sivifuati tena, hata vikirefuka hadi kwenye majaruba makavu. Rangi ya akriliki nimeiacha nyumbani, kwa sababu upepo wa ziwani (unaoleta pia harufu ya dagaa walioanikwa) huikausha kabla sijaichanganya. Natumia rangi za mafuta.

Leo mzee mmoja mchungaji alisimama nyuma yangu. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama picha kwa muda mrefu. Jiwe la zambarau alilikubali bila swali. Alichokataa ni ng'ombe, ambao alisema wamekonda kuliko wake. Nimewanenepesha.