Rupia 5,000 za Kalenga

Nauli ya Dar mpaka Iringa nililipa kamili, siti ikawa imevunjika mgongo. Kitonga napo lori lilifia kwenye kona, tukakaa juani mpaka maji ya kununua yakapanda bei. Hayo niyaache. Nilikuwa namfuata jenerali.

Jenerali Eduard von Liebert alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1896 hadi 1901. Juni 1897 alifunga safari ya Uhehe, yaani huku Iringa kwa Wahehe, akalala hemani mpaka Septemba, maana ngome ya Kalenga ilishaanguka tangu Oktoba 1894 lakini Mkwawa mwenyewe, mtawala wa Wahehe, yuko porini, anapiga na kupotea.

Stendi ya Iringa nikapatana na kijana wa bodaboda: elfu kumi, kwenda na kurudi. Tulipofika Kalenga akazima pikipiki.

"Bro, kuna na ya kusubiri."

"Si tumesema kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi, sawa. Kusubiri hatukusema."

Tukavutana hapo hapo barabarani, sauti zikapanda, hadi mzee mmoja aliyekuwa kivulini akatuita. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasikiliza pande zote mbili, akakata: elfu tatu, basi. Hakuna rufaa.

Ndani ya makumbusho, fuvu la Mkwawa limo kwenye sanduku la kioo, rangi ya kahawia, meno machache. Lilirudishwa kutoka Ujerumani 1954. Nilipotoka nikamuuliza mzee kuhusu Liebert.

"Huyo simjui. Namjua Sakarani."

Sakarani ni Tom von Prince, kapteni aliyemsaka Mkwawa. Mkubwa wake, aliyekuwa akisaini amri kutoka Dar, hamkumbuki. Na ndiye ambaye serikali yake iliahidi rupia 5,000 kwa kichwa cha Mkwawa. Julai 19, 1898, Mkwawa akajipiga risasi kuliko kushikwa. Kichwa wakakikata hata hivyo. Mwaka huo huo Liebert alianza kutoza kodi ya vibanda, rupia 3 kwa kibanda cha shamba. Piga hesabu: kichwa kimoja, kodi ya vibanda zaidi ya 1,600. Jenerali alirudi kwao salama, 1907 akawa mbunge, akafa mzee sana 1934.

"Kodi ya nyumba," mzee akaguna. Nikamwambia hata sasa ipo. Mimi mpangaji wa Mbagala nikinunua umeme wa LUKU nakatwa kodi ya jengo la mwenye nyumba, na nikimkumbusha apunguze kwenye pango anajifanya simu inakatakata. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Kijana wa boda alikuwa anasikiliza. Njiani akauliza rupia 5,000 leo ni shilingi ngapi. Nikamwambia hela hiyo haipo tena. Akafikiri kidogo, kisha akanishusha nje ya mji: kufika gesti ni elfu moja nyingine, hiyo nayo hatukusema.