Pangani kwa Bamvua

Pangani, mji ulio pale mto wa jina hilo unapoingia baharini, safari hupangwa kwa maji kujaa na kupwa. Nahodha aliniambia tangu jioni: "Kesho ni bamvua, mwanangu, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Asubuhi yanapwa, twende Maziwe. Alasiri yakijaa, tutapanda nayo mtoni."

Tukavuka mlango wa mto mapema, maji yakiwa rangi ya udongo hadi mbali baharini, kisha ghafla buluu. Maziwe palikuwa kisiwa chenye mivinje mirefu. Miti ikaisha, mawimbi yakala ardhi, na sasa ni fungu la mchanga mweupe linalozama kila maji yanapojaa. Saa nne tulishuka pakavu kabisa. Nilivaa miwani, nikashika mrija, nikajitosa upande wa matumbawe. Nilichokisikia kabla ya kuona ni mlio wa kuguguna: samaki pono, kijani na waridi, anamega jiwe kwa mdomo wake na kutoa mchanga nyuma. Nilimfuata mpaka pumzi ikanishinda.

Kasa bado hupanda hapo kutaga. Mayai yakiachwa yangefunikwa na maji, kwa hiyo wahifadhi huyachimbua na kuyafukia upya ufukweni Ushongo. Kazi hiyo naiheshimu sana. Kasa hana namna ya kujua kwamba kisiwa chake kimezama.

Mchana tulirudi mjini, tukala haraka.

Alasiri bahari ilikuwa inasukuma mto urudi nyuma, nasi tukasukumwa nao. Tulipofika kwenye mikoko nahodha akazima mashine, akashika pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Kimya kile kilifungua kila kitu: kaa wenye gando moja kubwa jekundu wakipunga mlangoni mwa mashimo yao, chaza wakiwa wameng'ang'ania mizizi, ndege mdiria akichoma maji na kuibuka na dagaa mdomoni. Mbele kidogo mikoko ikaachia minazi, na ng'ambo, juu ya kilima, mistari ya mkonge.

Maji haya yanatoka Kilimanjaro na Meru. Yanazuiwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme Hale na Maporomoko ya Pangani, ndipo yanafika hapa. Mto ukipungua nguvu, chumvi hupanda juu zaidi, na mkulima wa kando ya mto ndiye anayeionja kwanza. Nahodha alichota kiganjani, akaonja, akatikisa kichwa: "Zamani hapa tulikuwa tunakunywa." Nami nikaonja. Ilikuwa chumvi kweli, na tulikuwa tumeshaiacha bahari nyuma sana. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia, kwa sababu uzuri wote niliokuwa nauangalia unategemea mto ufike ukiwa na nguvu.

Anayetaka kwenda aangalie mwezi kwanza: siku za mwezi mchanga au mpevu kisiwa huonekana kipana asubuhi, na alasiri mto hukupandisha bila kuhangaika na mashine. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, nenda mtoni tu.