Siku moja na beleshi juu ya mapango ya Mogao

Saa moja asubuhi, mwezi wa nne, jua ndiyo kwanza linachomoza huku Dunhuang, mji wa jangwani kaskazini-magharibi mwa China, maana China nzima inafuata saa ya Beijing. Tunapanda juu ya genge kuangalia usiku upepo umemwaga mchanga wapi. Chini yetu, ndani ya genge, kuna mapango ya Mogao, mahekalu ya kale ya Kibuddha: 492 yana michoro na sanamu. Wageni wanawajua waongozaji tu; wenye beleshi hawaonekani.

Saa mbili ni mirija ya matone. Vichaka vya kuzuia mchanga vinanyweshwa kidogo, tena mbali na ukingo: maji yakipenya mwambani, chumvi itafika kwenye plasta na kubandua rangi.

Saa tatu uzio, na hapo mgongo hauna pa kukimbilia. Wavu wa nailoni una matundu kwa makusudi. Ukuta mzima hufanya upepo uzunguke na kuchimba mguu wa nguzo. Matundu huupunguzia kasi, ukaangusha mchanga. Tatizo unaangusha palepale. Tuta likifika juu ya wavu, uzio umegeuka ngazi, mchanga unapanda na kuvuka. Basi ni kufukua, pande zote mbili kwa zamu, kwa sababu ukitoa upande mmoja tu uzito wa ule mwingine unalaza nguzo. Karibu na wavu beleshi linawekwa chini, unamalizia kwa mikono. Nailoni iliyochomwa na jua huchanika kwa kuguswa. Halafu unakagua mafundo ya kamba, moja moja. Upepo ukiamka kabla hujamaliza, unafukua tena ulipokwisha kufukua.

Mchana, mabua ya ngano ya kushika mchanga. Yanalowanishwa yasikatike, yanalazwa kwa mstari, yanakandamizwa katikati kwa sepetu butu hadi ncha zisimame sentimita 15 hivi. Miraba ya mita 1 kwa 1. Yanaonekana mafupi mno, lakini mchanga mwingi husafiri chini ya sentimita 30 kutoka ardhini. Baada ya miaka michache yanaoza, yanachomekwa mengine.

Dhoruba ikija milango ya mapango inafungwa, na hakosi mgeni wa kugomba kwamba amelipa. Kweli amelipa. Ila punje zikipeperushwa ndani zinasugua michoro kama msasa, na rangi ile haipakwi tena.

Jioni, sijui saa ngapi, tunafagia vijia na kujaza matoroli. Mchanga haumwagwi ukingoni. Unapelekwa pasiporudishwa na upepo. Huku upepo unavuma kutoka kusini, magharibi na mashariki, kwa hiyo pahali penyewe si karibu.