Desemba Marangu bila kukimbizana

Kwetu Uchaggani Krismasi haina mjadala, unapanda nyumbani. Desemba ikifika katikati, mabasi ya Moshi pale Mbezi yanajaa, na sikukuu yenyewe ikiingia barabara za Dar zinabaki nyeupe. Mimi ni mtoto wa kwanza na nina mshahara. Mambo hayo mawili yakikutana, kila simu ya mwisho wa mwaka inaanza na "dada, tunafanyaje?" Januari nilikuwa narudi kazini nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Kilichokuwa kinanichosha ni hesabu. Mbuzi wa ndafu, yule anayechomwa mzima, ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, bati la jiko la mama, mchango wa harusi ya binamu, na mbele ya yote hayo ada za Januari. Nakaa na watu, nacheka nao, kumbe kichwani nagawa hela. Mwaka juzi, Novemba, nikaandika kwenye grupu la familia: "Wapendwa, mwaka huu natoa mbuzi mmoja na sukari. Bati tutaliongea Pasaka. Zaidi ya hapo sina." Grupu likanyamaza mchana kutwa. Jioni baba mdogo akatuma kidole gumba, basi. Shangazi yeye alipiga kabisa, akasema mjini kumenibadilisha.

"Shikamoo shangazi. Inawezekana, ila hela ni ile ile."

Akacheka mpaka akakohoa, na usiku ule nililala vizuri.

Nikasafiri mapema pia, kabla ya ile mikiki ya tarehe 23. Mdogo wangu anapenda treni, ile iliyorudi mwaka 2019, kwa sababu analala njia nzima. Mimi napenda basi, nione Same na milima ya Upare, kila mtu na lake.

Sasa nyumbani. Watoto wamelala chini kama dagaa, wageni wanaingia na hodi ikiwa tayari sebuleni, sufuria la machalari, ndizi zetu za nyama, halitoki mafigani. Utulivu utaupata wapi? Kujifungia chumbani ni kutafuta maneno. Utaambiwa unaringa au unaumwa. Ila nimeishi kwetu vya kutosha kujua kwamba mtu mwenye panga mkononi haulizwi kitu. Nikamwambia mama chakula cha ng'ombe cha asubuhi niachie mimi.

Naamka kabla ya kuku kuanza fujo, simu naiacha chini ya mto. Nashuka kihambani, shamba letu la nyumbani, kwenye migomba ambayo mikungu yake imeshakatwa, naangusha shina moja, nalikata vipande vyembamba. Shina la mgomba lina maji mengi. Panga likipita linatoa mlio kama wa kuchana kitambaa kibichi, na vipande vinaonyesha vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki. Utomvu wake ukigusa nguo hautoki tena, kwa hiyo nina gauni moja bovu la kazi hiyo, lina madoa ya kahawia hadi mabegani. Nikimaliza nakaa kando ya mfongo, ule mfereji wa maji, nanawa kwa maji ya baridi kali, nasali kidogo, au siwazi kitu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana vizuri saa hizo. Ukisubiri chai na maandazi, mawingu yameshaifunika.

Hakuna aliyewahi kunifuata kule kuniuliza habari za bati.

Saa ile moja ya kihambani ilinibeba siku nzima. Kwenye kikao cha ukoo, tarehe 26, swali likaja kama kawaida: mkwe tunamwona lini? Zamani ningejieleza mpaka jasho linitoke. Safari hii nikasema "mniombee", nikaenda kugeuza mtori. Mbege ikizunguka napiga funda, napokeza kata kwa jirani, na giza likiingia naaga. Mazungumzo ya mbege baada ya saa mbili usiku hayana faida kwa mtu yeyote.

Muziki wa jirani ulinishinda. Spika zake zinapiga mpaka alfajiri kuanzia mkesha wa Krismasi hadi mwaka mpya, na mzee wa watu anafurahia watoto wake kurudi, utamwambia nini? Niliweka pamba masikioni, ikasaidia nusu.

Mwaka huu wifi yangu naye ameomba zamu ya kukata mgomba. Nimempa ya jioni.